Pa Kulala Mama Mkwe Akiwa Ndani

Watu wanaokuja Lubumbashi kwa mara ya kwanza hupewa namba yangu. Sijui nani alianza mchezo huo. Simu inalia niko dukani, mikono imejaa grisi ya vipuri, na sauti nisiyoijua inaniuliza: mzee, tukifika tulale wapi, tule wapi? Najibu vizuri, maana sidhani kuna mtu katika mji huu anayejua kuliko mimi. Ila sikujifunza kwa starehe. Nimelala katika nyumba za wageni kuanzia Bel-Air mpaka mtaa wa Kenya, na nimekula kwenye mabenchi yote kati ya soko na stesheni, kwa sababu mama mkwe wangu alinitoa nyumbani kwangu nikiwa na mvi kichwani na hati ya nyumba ikiwa kwa jina langu.

Kwa wasiojua, nieleze. Kwetu kuna buko. Mama mkwe na mwanamume aliyemwoa binti yake hawatazamani usoni, hawali mmoja mbele ya mwingine, na hawalali chini ya paa moja. Heshima, wanasema. Buko huondolewa, na anayeiondoa ni mama mkwe peke yake. Siku akitaka, anapika vyakula vya kwao, anavipanga juu ya mkeka vikiwa vimefunikwa, anamkalisha mkwe na kumfunulia sahani moja moja. Mkwe akishakula, basi, amekuwa mtoto wa nyumba. Wenzangu walifanyiwa hivyo ndoa ikiwa bado mbichi. Mimi nilizaa watoto, nikawasomesha, wakaoa na kuolewa, wakahama, na yule mama alikuwa hajanipikia hata sombe, yaani kisamvu.

Sababu ni samaki niliyekula Kasomeno.

Baba mkwe alifariki Kilwa, kando ya ziwa Mweru, wakati wa mvua. Mke wangu alikuwa huko tayari, akimuuguza. Mimi nilipanda lori siku hiyo hiyo niliyopata habari. Barabara ile anayeijua anaijua. Tulipofika Kasomeno lori likazama kwenye tope mpaka kwenye bodi, na dereva akashuka akaketi juu ya jiwe kama mtu aliyemaliza kazi. Tukalala hapo, tukaamka hapo, tukalala tena. Nikapiga hesabu kichwani: kwa joto lile, mzee ameshazikwa. Kulikuwa na mama anakaanga samaki kando ya barabara, na bukari ya moto, ugali wetu. Nikanawa mikono, nikala. Nikiwa na vidole mdomoni pikipiki ikapita taratibu kwenye ukingo wa tope, na aliyekaa nyuma ya dereva alikuwa mdogo wake mama mkwe, mjomba wa mke wangu, anakimbilia msibani. Aliniangalia, akaangalia sahani, akapita.

Kumbe mzee alikuwa hajazikwa. Walikuwa wananingoja mimi. Katika ukoo wao mkwe hali chochote mpaka baba mkwe amefunikwa na udongo, na yeye ndiye hutia jembe la kwanza kaburini. Walimweka yule marehemu katika joto la Kilwa, wakamfukizia majani, wakawa wanatazama barabara. Mjomba akafika, akashuka, akasema nimemwona mkwe wenu Kasomeno, anakula samaki. Wakamzika saa hiyo hiyo. Nilipofika nilikuta kaburi limeshapigwa maji na mvua, na mke wangu hakunipa mkono.

Mpaka leo nikiulizwa nasema nilikula, na samaki alikuwa mtamu. Mtu hawezi kulala njaa kwa ajili ya mazishi ambayo hajaambiwa kwamba yanamngoja. Nilimwambia mke wangu hivyo, naye akaenda kumwambia mama yake, na sijui kwa nini alifanya hivyo. Tangu siku hiyo mama mkwe hakulitaja jina langu tena. Niliitwa muntu wa Kasomeno.

Basi msimu mmoja wa baridi, miaka mingi baadaye, mke wangu akanijia dukani, kitu ambacho hafanyi. Alisimama karibu na rafu akishika shika plagi za mashine.

"Papa, mama anakuya. Tumbo inavimba. Ku Kilwa banashindwa, banamutuma ku hospitali ya huku."

"Akaribie."

"Nyumba yetu iko na mulango moja tu, papa."

Nilielewa. Nyumba yetu ya Bel-Air ina vyumba viwili na sebule, paa moja, mlango mmoja. Nikamuuliza atalala wapi mama. Akasema ndani, ni mgonjwa. Nikamuuliza nitalala wapi mimi. Akaangalia zile plagi.

"Ni siku kidogo tu," akasema. "Akipona ataenda."

Nilifungasha nguo zangu katika begi la safari na kutoka kwa mlango wa nyumba niliyoijenga tofali kwa tofali. Jirani akaniuliza nasafiri kwenda wapi. Nikamwambia nahamia mjini.

Sasa sikilizeni ushauri, nyinyi mnaopiga simu. Usilale juu ya baa, hata wakikuapia kwamba muziki huzimwa mapema. Kitanda kinacheza, glasi ya maji inacheza, na wewe mwenyewe unajikuta unacheza umelala chali. Usilale katika zile nyumba ndogo zenye taa nyekundu ambazo chumba hukodishwa kwa mapumziko ya mchana. Nililala humo kwa kutojua. Mama wa mapokezi alichungulia nyuma yangu, akachungulia tena.

"Papa, mwanamuke iko wapi?"

"Hakuna mwanamuke. Niko na mama buko ku nyumba."

Alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Asubuhi alikuwa ameshawasimulia wenzake wote, na mfagizi alinisalimia kwa jina la mkwe. Nikahama. Hoteli nzuri, zenye kitambaa cheupe mezani na yai la asubuhi, zimejaa watu wa migodi, na hata ukipata chumba utajiona umekosea njia. Kwa masista ni pasafi sana, kitanda chembamba, maji baridi, na geti hufungwa jua likizama. Pale sista mmoja mzee aliniweka kitako akanihubiria kwa upole juu ya wanaume wanaokimbia wake zao. Nilimweleza habari ya buko tangu mwanzo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafanya ishara ya msalaba, akasema ataniombea nirudi kwa mke wangu. Ukitaka kulala kwa utulivu nenda kwa masista, lakini usiwaeleze shida zako.

Kula ni jambo lingine. Asubuhi nenda kwa wale Waislamu wenye asili ya Maniema karibu na msikiti. Chai yao ina tangawizi ya kweli, na chapati haijakaa tangu jana. Mama mwenye mgahawa ana mdomo mkali, lakini mikono yake misafi, na hataki mlevi mlangoni. Mchana kula bukari mahali ambapo mpishi mwenyewe anakula, na ukiona anatuma mtu amletee chakula kutoka jirani, ondoka. Mbuzi wa kuchoma, tunamwita michopo, mnunue kwa mtu anayekata mbele yako na kukufungia katika karatasi ya mfuko wa saruji. Chikanda, ule mkate mweusi wa mizizi na karanga, nunua kwa wanawake wa sokoni na usile mahali penye meza. Haya yote niliyajua kwa mdomo wangu, peke yangu, huku mke wangu akipika jikoni kwangu kwa ajili ya mtu mwingine.

Na nilinenepa. Jambo hilo ndilo lililoniponza.

Kila Jumapili nilikwenda nyumbani kumsalimia mke wangu. Niliruhusiwa kufika uani. Mama mkwe akisikia geti alijifunika kitenge kichwani, anageuka, ananipa mgongo. Kwa buko hakuweza kunisemesha. Lakini uani palikuwa na mbabula, jiko letu la makaa, na mbabula haina buko na mtu.

"Weye mbabula," alianza Jumapili ya kwanza, sauti imekauka, "ambia ule muntu wa Kasomeno, shati yake iko na harufu ya ma hotel."

Niliangalia mke wangu. Alikuwa anachambua mboga. Nikainama kwenye jiko.

"Mbabula, ambia ule mama, hotel njo nyumba yangu sasa."

"Mbabula, mutoto yangu anakonda. Ule muntu ananenepa. Anakula nini huko?"

"Mbabula, ninakula chakula ya benye kunipikia."

Tukaendelea hivyo kila Jumapili, watu wazima wawili wanatukanana kupitia jiko. Na alikuwa na ulimi, yule mama. Tumbo lake lilivimba, miguu ikavimba, lakini ulimi hospitali haikuugusa. Alimuuliza mbabula kama mimi nilizaliwa na meno. Alimuuliza kama kwetu, kwa watoto wa reli, marehemu huzikwa na wageni. Baba yangu alifanya kazi ya reli maisha yake yote na alikufa akiwa safi, na siku hiyo nilimjibu vibaya sana. Nilimwambia mbabula kwamba kuna watu wanakuja kutibiwa na kumbe wanakuja kutawala. Kilio kikasikika. Kilikuwa cha mke wangu. Mama mkwe alikuwa anacheka chini ya kitenge.

Wakati huo huo mjomba akaja kutoka Kilwa kumwona dada yake. Alinikuta dukani, mwenye heshima zote, kofia mkononi.

"Mukwe, kule nyumba imejaa. Hapa mu muji tunaweza kulala wapi? Banasema weye njo unajua."

Nilimwangalia yule mtu wa pikipiki. Nikamwambia najua mahali pazuri, patulivu, ghorofani, upepo mzuri. Nikamsindikiza mpaka kwenye ngazi za nyumba ile iliyo juu ya baa. Nikampa na mahali pa kula, kwa mpishi anayetuma jirani. Alirudi Kilwa akiwa ameshika tumbo, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na aliniambia asante. Nilifurahi juma zima, na sina haja ya kuficha.

Baridi ikapita. Vumbi likaja, joto likaja, mama mkwe hakwenda. Sasa nilianza kuogopa. Mke wangu alikuwa amezoea. Nikifika Jumapili alinipa stuli kama anavyompa fundi wa maji, na mara moja aliniuliza, bila ubaya, kama nitakaa sana. Usiku huo kwa masista nilikaa kitandani nikajiambia ukweli: yule mama asiponiingiza, sitarudi. Atakaa, au atakufa bila kunifunulia sahani, na hapo hakuna mwingine wa kuondoa buko. Nitabaki mtu wa nje hata mbele ya mke wangu. Nilitaka kurudi kwangu. Nilitaka kulala karibu na mke wangu, hata kama anakoroma.

Jumapili iliyofuata sikujibu matusi. Niliinama mbele ya mbabula.

"Mbabula, ambia ule mama, nachoka. Anifungulie."

Makaa yakalia kidogo.

"Mbabula," akasema baadaye, "ambia ule muntu, nilisikia."

Ilipita wiki kadhaa. Kisha mke wangu akanipigia simu, sauti yake imenyooka kama ya mtu anayesoma tangazo. Njoo mchana, alisema. Vaa vizuri.

Nilivaa koti la harusi ya binti yetu. Sikula tangu asubuhi, hata chai ya Maniema niliipita. Nilipofika mkeka ulikuwa umetandikwa sebuleni kwangu, na sahani zimefunikwa, safu nzima. Mama mkwe alikaa upande wa pili, bila kitenge kichwani. Hapo ndipo nilipomwona uso kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Ulikuwa mdogo. Macho yalikuwa ya njano. Nilikuwa nimegombana miaka yote na uso ambao sikuujua, na huu haukuwa ule niliouchukia.

Alifunua sahani moja moja.

"Hii ni samaki ya Mweru. Hii ni kuku. Hii ni sombe. Hii ni chikanda, nilitwanga miye mwenyewe. Hii ni bukari."

Ya mwisho hakuifunua. Aliweka mkono juu yake.

"Sasa uko mutoto yangu. Utalala mu nyumba yako. Lakini sikia. Miye sirudie tena Kilwa. Munganga wa hospitali alisema na miye, hakusema na bibi yako. Bwana yangu ulimukuta mu udongo, tumbo yako imejaa. Miye utanizika na njaa."

Mke wangu akashika mdomo. Mimi nikasema, "Ndiyo, mama."

"Ndiyo njo nini? Sema."

"Nitakuzika na njaa."

Akafunua. Ilikuwa samaki wa kukaanga, mdogo, na pilipili, kama wanavyouza Kasomeno. Nilimtazama yule mama. Alikuwa ananingoja. Nikaanza na huyo.

Nilirudi nyumbani na begi langu. Mnaodhani tulipatana hamjawahi kuishi na mama mkwe. Buko ilipoondoka aliacha mbabula akawa ananisema mwenyewe, uso kwa uso, asubuhi, mchana na jioni. Ninavyotafuna. Ninavyokohoa. Jinsi ninavyovaa soksi nyumbani kama mgeni. Niligundua kwamba jiko lile lilikuwa linanikinga. Nami nilimjibu, na alipenda kujibiwa. Alipokosa nguvu za kutoka kitandani alikuwa ananiita nimkalishe, nikishamkalisha ananiambia mikono yangu migumu. Usiku nilimsikia kupitia ukuta akilalamika, na asubuhi alikana kwamba alilia.

Alikufa mvua zilipoanza, asubuhi, mke wangu akiwa amemshika mguu. Nilikuwa nimemimina chai kikombeni. Nikaimwaga chini.

Tukampeleka chumba cha maiti, tukapiga simu Kilwa. Mjomba alisema wanakuja, wamepata gari, tusizike. Siku ikapita. Nikaketi uani na wanaume wa mtaa. Waliniletea bukari, nikasema baadaye. Waliniletea chai, nikasema baadaye. Siku ya pili mjomba akapiga simu.

"Mukwe, barabara imekufa. Tope mpaka mu bodi. Tuko hapa Kasomeno. Mutungojee."

Nyuma ya sauti yake nilisikia mafuta yanaungua na mwanamke anaita wateja.

"Munakula?" nikamuuliza.

"Tutafanya je, mukwe? Njaa haina haya."

Nilikata simu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Wazee wa mtaa walisema tuzike, mvua ni nyingi, makaburi yanajaa maji, na mkwe mwenyewe ataanguka. Walinigeukia, kwa sababu sasa nilikuwa mtoto wa nyumba na neno lilikuwa langu. Ningeweza. Kaburi lilikuwa tayari. Mjomba angefika akute udongo umepigwa na mvua, na angejua kinavyouma. Nililitamani jambo hilo kuliko nilivyotamani chakula, na niliona mke wangu anajua kwamba nalitamani.

"Tunangojea," nikasema.

Walifika siku iliyofuata, matope mpaka kwenye nyusi. Nilitia jembe la kwanza makaburini, mtu amenishika mkanda kwa nyuma nisitangulie mimi kaburini. Mjomba alilia sana. Vidole vyake vilikuwa bado vinanuka samaki.

Tuliporudi alinisogelea, kofia mkononi, akasema wako wengi, wamechoka, nyumba imejaa, je, walale wapi, wale wapi. Nilimwelekeza kule kule, juu ya baa.

Kisha nikaenda uani. Mke wangu alikuwa anakuja na sahani yangu, nikamwambia angoje kidogo. Mbabula ilikuwa imezimika, imelowa, majivu yamekuwa uji. Niliinama.

"Mbabula," nikasema, "ambia ule mama, bandugu yake nilibangojea. Na sikukula."